Kahawa ya Haki Kariakoo: Mwongozo kwa Anayeanza na Dele Moja

Muuza kahawa wa Kariakoo ametangulia mbali katika kulinda mazingira kuliko anavyosifiwa. Yule anayepita Mtaa wa Kongo na Mkunguni na dele lake, birika la kahawa, akigonganisha vikombe hatumii kikombe cha kutupa, hatumii mrija, wala hahitaji gari. Kikombe chake kidogo cha kauri kinanywewa, kinaoshwa na kurudi kazini mara nyingi kwa siku. Wenye migahawa ya Ulaya na Marekani wanahangaika kuwashawishi wateja waachane na vikombe vya karatasi. Hapa kwetu mteja anakunywa palepale kijiweni, anarudisha kikombe, na mazungumzo ya Simba na Yanga yanaendelea.

Lakini dele hilohilo huchemka kwa mkaa ambao hakuna anayejua umetoka msitu gani. Kahawa iliyomo haijulikani imelimwa na nani. Vikombe vinasuuzwa kwenye ndoo ya maji ya tangu asubuhi, na kijana anayelibeba pengine hana mkataba wala akiba. Mwongozo huu ni wa kurekebisha hayo. Ni kwa ajili yako unayeanza na dele moja, kibanda au mgahawa wa viti sita, kwa mtaji wako mwenyewe. Haki katika biashara ya kahawa haingoji mtaji mkubwa. Inataka maswali yaulizwe na hesabu ziandikwe.

Jua buni inatoka kwa nani

Tanzania inalima kahawa za aina mbili. Arabika inatoka Kilimanjaro, Arusha, Mbeya, Songwe, Ruvuma, Kigoma na sehemu za Mara. Robusta inatoka Kagera. Robusta ni chungu zaidi na ina kafeini nyingi zaidi, arabika ina harufu na uchachu mwepesi. Kwa wateja wa kijiweni waliozoea kahawa nzito, wengi hufanikiwa kwa kuchanganya zote mbili. Uchague utakavyo, ila ujue kila gunia limetoka wapi.

Njia iliyo wazi ni kununua kahawa iliyopitia ushirika. Wakulima wengi hukusanya kahawa yao kwenye vyama vya msingi, yaani AMCOS, na juu yao kuna vyama vikuu. KNCU ya Kilimanjaro ilianzishwa mwaka 1933, ikirithi kazi ya KNPA, chama ambacho wakulima wa Kilimanjaro walikiunda mwaka 1925 ili wauze kahawa yao kwa sauti moja. Kagera kuna KCU yenye makao yake Bukoba. Muuzaji wa jumla au mkaangaji mwenye leseni anapaswa kukuambia kahawa yake ni ya mkoa gani, wilaya gani na ikiwezekana chama gani. Mwombe aandike hayo kwenye risiti.

Usishawishike na gunia la bei ya kutupa lisilo na karatasi. Kununua kahawa kwa mkulima kuna leseni yake kutoka Bodi ya Kahawa Tanzania, yenye makao makuu Moshi, na kahawa isiyo na nyaraka huenda ni ya magendo au ya butura. Watu wa Kagera wanaijua butura kwa uchungu. Mkulima anapobanwa na ada ya shule au ugonjwa, anauza kahawa ikiwa bado mtini, mara nyingine ikiwa maua tu, kwa bei ndogo mno. Msimu ukifika, anavuna mali ambayo si yake tena. Serikali imeipiga marufuku biashara hiyo miaka mingi, lakini itaendelea kuishi maadamu huku mjini wapo wanunuzi wasiouliza.

Uliza pia kahawa imelimwaje. Kihamba cha Wachaga, ambapo kahawa inakaa chini ya migomba na miti mikubwa, ni kilimo kinachotunza udongo na maji. Mwaka 2011 FAO iliutambua mfumo wa kihamba wa Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia. Taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, iliyopo Lyamungo wilayani Hai, imetoa miche chotara inayostahimili chulebuni na kutu ya majani. Anayepanda miche hiyo anapunguza sana dawa za kuua ukungu. Hivyo ukiuliza, "Wakulima wenu wamepanda miche ya TaCRI?" unakuwa umeuliza kuhusu sumu, gharama na mazingira kwa pamoja.

Piga hesabu ya kikombe

Wengi husema kahawa ya haki ni ghali, haiwezekani kwa bei ya Kariakoo. Kaa na kalamu uone.

Tuseme unatumia gramu 50 za kahawa iliyosagwa kwa kila lita ya maji. Kilo moja inaingia kwenye lita 20. Ukitoa maji yanayobaki kwenye machicha na yanayopotea kwa mvuke, unapata kama lita 18. Kwa kikombe kidogo cha mililita 60, hivyo ni vikombe 300. Sasa chukulia umeamua kununua kahawa yenye nyaraka, ukalipa shilingi 3,000 zaidi kwa kilo kuliko ile ya njiani. Gawa kwa vikombe 300. Umeongeza shilingi 10 kwa kikombe.

Shilingi 10 hizo unaweza kuzirudisha bila kumgusa mteja, kwa kutomwaga kahawa iliyolala, kwa kupima badala ya kukisia, na kwa kuokoa mkaa kama tutakavyoona. Biashara nyingi za kahawa hapa mjini hazifi kwa sababu ya bei ya buni. Zinakufa kwa sababu mwenyewe hajui kikombe kimoja kinamgharimu kiasi gani. Nunua daftari la mistari na mizani ndogo ya jikoni. Andika kila siku kahawa, sukari, tangawizi, mkaa au gesi, maji, ujira, vikombe vilivyovunjika na fedha iliyoingia. Baada ya mwezi utajua faida yako ya kweli, na utajua ni wapi unaweza kuwa mwema bila kufilisika.

Kumbuka pia kazi iliyomo ndani ya kilo hiyo. Kahawa hupoteza karibu sehemu moja kati ya sita ya uzito wake ikikaangwa, na kilo moja ya kahawa safi ya arabika, yaani buni ambayo haijakaangwa, hutoka kwenye kilo tano hadi sita za matunda mabivu. Kwa hiyo kilo iliyopo dukani kwako ilikuwa kilo 6 au 7 za matunda yaliyochumwa moja moja kwa mkono, mara nyingi na akina mama.

Nunua nzima, kaanga kidogo kidogo

Kahawa iliyosagwa ni rahisi kuchakachuliwa. Mahindi yaliyokaangwa mpaka yakawa meusi yakisagwa pamoja na kahawa, macho hayatambui. Bei ya kahawa inapopanda, kama ilivyopanda duniani mwanzoni mwa 2025, kishawishi cha kuchanganya kinakuwa kikubwa zaidi. Kinga ni kununua buni nzima, kuichambua, kukaanga na kusaga mwenyewe.

Mimina buni kwenye sinia pana, mahali penye mwanga. Toa mawe na buni zilizooza, zilizotobolewa na wadudu na zenye ukungu. Kaanga kiasi cha siku tatu au nne, si zaidi, kwa sababu kahawa iliyokaangwa hupoteza harufu haraka katika joto na unyevu wa Dar es Salaam. Koroga bila kuacha. Rangi itatoka kijani kwenda njano, halafu kahawia, na utasikia buni zikipasuka kwa mlio mkavu. Hapo kaa chonjo. Kuikaanga mpaka iwe kama mkaa kunaficha ubovu wa buni, kunaongeza moshi kwa majirani na kunakula nishati bure. Ikiiva, imwage kwenye ungo, ipepete ipoe upesi, kisha ihifadhi kwenye chombo chenye mfuniko unaobana. Kama unaishi chumba cha kupanga katika nyumba ya familia nyingi, usikaangie koridoni. Tafuta mkaangaji mwenye mashine, mkubaliane bei kwa kilo, na usimamie kahawa yako ikikaangwa.

Punguza mkaa

Hapa ndipo deni kubwa la kahawa ya mtaani lilipo. Dar es Salaam inakadiriwa kutumia karibu nusu ya mkaa wote wa nchi hii. Matanuri ya udongo ya kienyeji hula kilo nyingi za kuni kutoa kilo moja tu ya mkaa, na miti hiyo inatoka Pwani, Morogoro, Lindi na kwingineko. Tarehe 8 Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Ukianza biashara leo, jipange na safari hiyo mapema.

Tenganisha kazi mbili ambazo dele hufanya. Kazi ya kwanza ni kuchemsha, na ndiyo inayokula nishati nyingi. Ifanye nyumbani au kibandani kwa gesi au umeme. Umeme wa gridi yetu sasa unatokana zaidi na maji na gesi asilia, na Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 limeongeza nguvu kubwa. Kazi ya pili ni kuiweka kahawa moto njiani. Hiyo inahitaji makaa machache tu chini ya dele, au chupa nzuri za chai ukiwa umekaa sehemu moja. Anayechemsha kwa gesi na kutembea na makaa machache atauona mkaa wake ukishuka ndani ya wiki ya kwanza ya daftari.

Mkaa utakaobaki, uchague. Wilayani Kilosa, vijiji vilivyofanya kazi na TFCG na MJUMITA, mashirika ya uhifadhi wa misitu, vimetenga maeneo ya misitu yao, huvuna kwa mzunguko na kuacha visiki vichipue, na mapato yamesaidia madarasa na zahanati za vijiji. Muulize muuzaji wako wa gunia kama mkaa una kibali na umetoka kijiji gani. Mkaa mbadala wa vifuu, pumba au vumbi la mbao nao unafaa, kwani hauwaki kwa pupa na hukaa muda mrefu. Soma maelezo kabla ya kununua, maana mkaa mbadala mwingine umetengenezwa kwa makaa ya mawe. Huo unaokoa miti, lakini uutumie mahali penye hewa ya kutosha.

Na moto uheshimiwe. Soko la Kariakoo liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021 na wafanyabiashara wengi wakapoteza kila walichokuwa nacho. Usiweke jiko karibu na vitambaa, maboksi au nyaya. Majivu yenye makaa yasimwagwe mtaroni wala kwenye rundo la taka. Yazime kwa maji au mchanga kwanza.

Maji, vikombe na afya ya mteja

Kikombe cha kauri ni fahari yetu, ila kina sharti lake. Tazama ndoo ya kusuuzia ya muuza kahawa ifikapo saa nne asubuhi: maji yamegeuka rangi ya chai, machicha yametulia chini, na vikombe vinaendelea kuzamishwa humo humo. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 na kuenea mikoani ulitufundisha vya kutosha juu ya maji yanayozungushwa mdomo kwa mdomo.

Tumia ndoo ndogo yenye bomba, maji yatiririke badala ya kutuama. Kikombe kioshwe kwa sabuni, kisuuzwe chini ya bomba, kisha kimwagiwe maji ya moto. Bomba likiwa jembamba hutatumia maji mengi kuliko yule anayejaza ndoo na kuimwaga mara kwa mara. Uwe na vikombe vya kutosha, walau 30, ili mteja akiwa na haraka usilazimike kumpa kisichooshwa. Maji machafu yabebe mpaka kwenye mfumo wa maji taka. Ukiyamwaga kwenye mtaro wa mvua, yanaishia Bonde la Msimbazi, ambako mafuriko ya masika yametesa watu kwa miaka mingi.

Mteja akitaka kuondoka na kahawa, mwambie aje na kikombe chake na umpunguzie kidogo. Vikombe vya karatasi vina utando mwembamba wa plastiki ndani, hivyo haviozi upesi wala havirejelezwi kirahisi. Nchi yetu ilipiga marufuku rambo tarehe 1 Juni 2019. Haina maana kuziondoa rambo, kisha tukajaza mitaro vikombe.

Kashata na tangawizi

Kahawa ya kijiweni huenda na kashata ya karanga, na karanga zenye unyevu huota ukungu unaotoa sumukuvu, ambayo kukaanga hakuiondoi yote. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara kupitia chakula cha nyumbani. Kama unatengeneza kashata, nunua karanga kavu, chambua moja moja, tupa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye uchungu. Kama unanunua kashata, mjue mama anayeitengeneza na umlipe siku hiyo hiyo, maana mtaji wake ni mdogo kuliko wako. Tangawizi ya Mamba Miamba wilayani Same inajulikana kwa ukali wake. Iliki na mdalasini nunua nzima, kwa sababu ileile ya kununua buni nzima.

Anayebeba dele

Utakapoajiri kijana wa kwanza, ndipo haki yako itapimwa. Mtindo wa kumkabidhi mtu dele na kumdai hesabu maalumu kila jioni, mvua inyeshe jua liwake, unamwachia yeye hasara yote na wewe faida. Mpe ujira wa msingi na kamisheni juu yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka maelezo ya ajira yaandikwe, saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, na likizo ya siku 28 yenye malipo kwa mwaka. Kuajiri mtoto wa chini ya miaka 14 ni kosa. Mwandikishe NSSF, na wewe mwenyewe ujiandikishe pia kwenye mpango wa wanaojiajiri.

Mpe viatu vizuri, kofia na siku ya kupumzika. Kikombe kikivunjika kwa bahati mbaya, kiingie kwenye gharama za biashara, kisikatwe kwenye ujira. Na wafundishe wasichana kazi hii pia. Kijiwe kimekuwa cha wanaume kwa muda mrefu, lakini hakuna sheria iliyoandika hivyo.

Taka, vibali na mtaji

Machicha ya kahawa ni mali. Yakaushe kwenye gunia, uwape wauza miche wa barabarani wachanganye na majani makavu kutengeneza mboji. Mkipatana, wiki zako zote zitakwisha bila kutupa machicha dampo la Pugu Kinyamwezi.

Kwa vibali, anza na TIN kutoka TRA, kisha kitambulisho cha mjasiriamali mdogo au leseni ya biashara kulingana na ukubwa wa mauzo. Pima afya, wewe na kila anayeshika vikombe. Ukitaka kufungasha kahawa na kuiuza dukani, pitia SIDO upate utambulisho kwenda TBS, ambayo tangu 2019 ndiyo inayosimamia usalama wa chakula. Pata ridhaa ya serikali ya mtaa kuhusu mahali utakapokaa, na usizibe njia ya waenda kwa miguu. Kuhamishwa kwa machinga Oktoba 2021 kuliwaumiza wengi waliokuwa wamewekeza kwenye maeneo wasiyokuwa na haki nayo.

Mtaji ukipungua, ogopa kausha damu. Mkopo wa siku 30 wenye riba ya kutisha utakulazimisha kuchakachua kahawa na kumkata kijana ujira. Uliza ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri kuhusu mikopo isiyo na riba ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, inayotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mkiwa kikundi kilichosajiliwa, mna nafasi.

Sema ukweli

Usiandike "Kahawa ya Kilimanjaro" kama ndani kuna robusta ya Bukoba. Huko Japani, ambako jina la Kilimanjaro lina heshima kubwa, kahawa iliyochanganywa inaruhusiwa kubeba jina la asili yake iwapo angalau asilimia 30 ya buni ni ya huko. Sisi wenye mlima tunapaswa kuwa wakweli zaidi ya hapo. Bandika ubao mdogo kibandani: arabika kiasi gani, robusta kiasi gani, imetoka wapi, imechemshwa kwa nishati gani. Kama bado unatumia mkaa, sema. Kama hujafanikiwa kujua chama cha wakulima, usitunge jina. Wazee wa kijiweni watauliza, watabishana, na siku moja mmoja wao aliyezaliwa Rombo au Muleba atakuambia jambo kuhusu kahawa hiyo ambalo hujawahi kulisikia.

Sehemu kubwa ya kahawa yetu huuzwa nje, na sisi tunaoilima tunakunywa kidogo sana. Kila mteja mpya wa Kariakoo ni soko ambalo mkulima hahitaji meli kulifikia. Soko hilo lijengwe kwa haki tangu mwanzo, kwa maana kulirekebisha baadaye ni vigumu. Basi ukienda kununua kilo yako ya kwanza, muulize muuzaji kahawa hii ni ya chama gani. Akishindwa kujibu, mshukuru, uende duka linalofuata.